Binti anataka lishe, baba anataka udaktari: mzazi aingie wapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Mbeya. Binti yetu wa kwanza, mwenye miaka 18, amemaliza kidato cha sita katika tahasusi ya PCB na matokeo yametoka. Amepata daraja la pili la pointi 10: Biolojia C, Kemia C na Fizikia D. Baba yake na baba zake wakubwa wanataka asome udaktari hapahapa Mbeya ili awe analala nyumbani. Yeye anasema anataka kusoma lishe katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Mume wangu ni mwajiriwa wa kipato cha kawaida, nami nauza nafaka sokoni. Nyumbani sasa hakuna mazungumzo, kila mmoja amenuna. Nimsaidieje mtoto bila kumvunjia baba yake heshima, na mzazi anapaswa kuingia kiasi gani katika uamuzi huu?

Jibu: Marahaba, mama. Nimeisoma barua yako mara mbili, na jambo lililonigusa zaidi ni hilo la kununa, kwa sababu dirisha la maombi ya vyuo huwa fupi na siku zinazopotea katika ukimya hazirudi. Naomba nianze na neno ambalo ndilo kiini cha yote nitakayokuandikia. Uamuzi unaowagombanisha mnauona mmoja, lakini ndani yake yamo maamuzi matatu: asome nini, asome wapi, na nani atalipa. Katika miaka niliyokuwa mwalimu wa taaluma katika shule yenye kidato cha tano na cha sita, na baadaye mshauri wa wanafunzi, nimewaona wazazi wengi wakizungumza kwa nguvu juu ya lile la kwanza, ambalo mtoto analijua kuliko wao, kisha wakanyamaza kabisa juu ya la tatu, ambalo wao peke yao ndio wanaolijua. Mzazi akigeuza mpangilio huo, akasikiliza zaidi katika la kwanza na kusema ukweli wote katika la tatu, ugomvi mwingi hupungua wenyewe.

Kabla ya kuingia katika hoja za kila upande, tuweke sawa jambo la pointi, maana limezichanganya familia nyingi. Zile pointi 10 za Baraza la Mitihani zinahesabiwa kwa kuipa A pointi 1, B pointi 2, C pointi 3, D pointi 4 na E pointi 5, kisha masomo matatu ya tahasusi yanajumlishwa. Kwa hiyo pointi zikiwa chache ndivyo ufaulu unavyokuwa mkubwa, na daraja la pili linaanzia 10 hadi 12. Katika udahili wa vyuo vikuu hesabu hugeuka: A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kwa hesabu hiyo binti yako ana pointi 8, na kwa wanaodahili pointi nyingi ndizo nzuri. Kiwango cha chini cha jumla cha kuingia shahada ya kwanza ni ufaulu wa masomo mawili yenye jumla ya pointi 4, kwa hiyo mlango wa chuo kikuu uko wazi kwake bila shaka yoyote. Hata hivyo, kila kozi ina masharti yake juu ya kiwango hicho, na masharti hayo yameandikwa katika mwongozo wa udahili unaotolewa kila mwaka na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ambamo utaona pia idadi ya nafasi na muda wa masomo wa kila kozi. Mwongozo huo unapatikana bure katika tovuti ya Tume. Nakuomba sana uusome mwenyewe pamoja na binti yako, msitegemee kusimuliwa na mtu.

Hapa ndipo pa kumweleza mume wako jambo kwa upole. Kutimiza masharti ya kozi ni jambo moja, na kuchaguliwa ni jingine. Udaktari huombwa na wanafunzi wengi wenye A na B katika masomo yote matatu, na chuo huchagua kuanzia juu kikishuka hadi nafasi zijae. Mwenye C, C na D anaweza kukuta anaruhusiwa kuomba na bado asifikiwe. Simaanishi kwamba haiwezekani, kwa kuwa ushindani hutofautiana kati ya chuo na chuo na kati ya mwaka na mwaka. Ninachosema ni kwamba huenda nyumba yenu imenuna kwa ajili ya kiti ambacho bado hakijapatikana, huku kiti ambacho mtoto anakitaka kikimsubiri ajaze fomu.

Najua baba zake watasema basi aombe tu, akikosa ndipo aende kwenye lishe. Kwa wanafunzi wengi ushauri wa namna hiyo hauna madhara, kwa sababu mwombaji anaruhusiwa kuomba katika chuo zaidi ya kimoja na kutaja kozi zaidi ya moja. Lakini nina sharti moja ambalo silegezi: kozi ambayo mtoto hataki kabisa kuisoma isiandikwe kwenye fomu yake, kwa sababu anaweza kuipata. Shahada ya udaktari ni miaka mitano, ikifuatiwa na mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini kabla ya usajili kamili. Miaka sita ni mingi mno kwa mtu kuishi ndani ya ndoto ya baba zake, na katika fani ile anayebeba matokeo ya moyo usiokuwepo ni mgonjwa aliyelala kitandani.

Ninalisema hili nikiwa na kovu. Mwanangu wa pili alitaka kusoma ualimu wa hisabati, nami, pamoja na kazi yangu yote ya kuwashauri watoto wa wenzangu, nilimsukuma kwenye uhandisi kwa sababu niliamini una heshima zaidi na una ajira. Mwaka wa kwanza alivuka kwa sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia. Mwaka wa pili akadisko, yaani akaondolewa chuoni kwa kufeli, na alikaa wiki tatu mjini bila kutuambia kwa sababu alimwogopa baba yake, ambaye ni mimi. Nilimwomba radhi, akaanza upya katika kozi aliyoitaka tangu mwanzo, na leo anafundisha na anapenda kazi yake. Miaka miwili ya ujana wake sikuweza kumrudishia.

Sasa tuje kwa binti yako. Barua yako inaeleza kwa nini baba yake anataka udaktari, lakini haielezi kwa nini yeye anataka lishe. Inawezekana hajaulizwa. Muulize, na umuulize kwa namna isiyofanana na mahojiano ya polisi. Mkiwa mnachambua maharage ni pazuri kuliko sebuleni mbele ya wakubwa. Muulize ni lini alianza kuifikiria kozi hiyo, ni nani anayemfahamu anayefanya kazi hiyo, mtu huyo asubuhi hadi jioni hufanya nini hasa, na ni sehemu gani ya kazi hiyo ambayo yeye hataipenda. Swali hilo la mwisho ndilo linalotenganisha mtoto aliyeifikiria kozi na mtoto aliyeifuata kwa sababu rafiki yake naye anaiomba. Akijibu kwa vituo na mifano, una jambo la kumpelekea baba yake. Akibabaika, usimcheke wala usimalize mazungumzo. Mpe siku nne akatafute mtu wa kuongea naye, kwa mfano afisa lishe wa halmashauri yenu, kwa kuwa maofisa hao wapo katika halmashauri na mara nyingi hufurahi kijana anapowauliza juu ya kazi yao.

Nina dhana yangu kuhusu sababu yake, nayo inatokana na mahali mnapoishi. Nyanda za Juu Kusini ndizo ghala la taifa kwa mahindi, viazi, maharage na ndizi, nawe unauza nafaka kila siku. Na bado katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022, wakati wastani wa udumavu kwa watoto wa chini ya miaka mitano nchini ulikuwa asilimia 30, Iringa na Njombe, majirani zenu, walikutwa na zaidi ya nusu ya watoto wakiwa wamedumaa. Chakula kipo, na mtoto anadumaa. Kijana mwenye akili aliyesoma Biolojia na Kemia, aliyekulia pembeni ya magunia ya mahindi ya mama yake, akijiuliza kwa nini hali iko hivyo, huyo ameanza kusoma lishe kabla hajaingia darasani. Kama ndiyo sababu yake, baba yake anastahili kuisikia kutoka kinywani mwake, kwa sababu huenda anadhani lishe ni kujifunza kupika.

Kuhusu ajira, ambayo ndiyo hofu ya kweli iliyo nyuma ya neno udaktari, naomba mume wako asihesabu kwa kalenda ya ujana wetu. Zamani mhitimu wa ualimu au wa afya alisubiri kupangiwa kituo. Siku hizi nafasi zinatangazwa, watu wanaomba kwa mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, na hata walimu wanaitwa kwenye usaili. Hakuna cheti cha chuo kikuu kinachobeba ajira ndani yake, cha udaktari kikiwemo. Mhitimu wa lishe anaweza kufanya kazi katika halmashauri, hospitali, viwanda vya vyakula, miradi ya afya ya mama na mtoto, utafiti, au kuanzisha usindikaji wake mwenyewe. Na katika kila mojawapo atashindana na wengine. Anayeshindana vizuri ni yule aliyesoma kwa bidii jambo analolipenda, akatumia vipindi vya mafunzo kwa vitendo kujulikana na watu. Hilo mzazi anaweza kulisisitiza kwa haki yote.

Juu ya asome wapi, nataka nimtendee haki mume wako. Kusema alale nyumbani si ukaidi. Mara nyingi baba akisema hivyo kuhusu binti wa kwanza, anasema anaogopa: anaogopa wanaume, anaogopa mimba, anaogopa mji asioujua, na anaogopa simu ya usiku. Hofu hiyo ikivaa nguo za hoja ya kozi, hamtaimaliza kamwe, kwa sababu mtabishana juu ya udaktari huku tatizo likiwa Morogoro. Itajeni kwa jina lake. Mkiitaja, ina majibu ambayo watu wazima wanaweza kuyatafuta: kama kuna nafasi katika mabweni ya chuo kwa mwaka wa kwanza na inaombwaje, kama mna ndugu au muumini mwenzenu wa kuaminika Morogoro atakayekuwa mlezi wa karibu, na atakuwa anapiga simu nyumbani siku zipi. Ni kweli kusoma karibu na nyumbani kunaokoa kodi na chakula, na familia yenye kipato chenu haipaswi kulidharau hilo. Lakini nimewaona pia mabinti wanaosoma wakitokea nyumbani wakirudi jioni kupika, kufua na kulea wadogo zao, kisha wanafungua daftari saa tano usiku, na hakuna anayeihesabu gharama hiyo kwa sababu haitoki mfukoni.

Linalobaki ni fedha, na hapa ndipo ninapotaka ninyi wawili msimame kama wazazi hasa. Kaeni wewe na mume wako bila watoto, mwandike kwenye karatasi kiasi ambacho mnaweza kutoa kila muhula bila kuuza shamba na bila kuwatoa shule wale watatu wanaofuata. Kisha mwonyesheni binti hiyo namba. Najua desturi zetu hazipendi mtoto ajue mfuko wa baba, na mimi nililelewa hivyo hivyo. Lakini kijana wa miaka 18 anayeambiwa tu kwamba Mungu atasaidia hawezi kupanga lolote, na akifika chuoni ndipo anapogundua ukweli, peke yake, mbele ya dirisha la malipo.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu itasaidia wengi, ila msipange maisha kana kwamba mkopo umeshatoka. Maombi ni mengi kuliko fedha, kiwango hutofautiana kulingana na uhitaji wa familia na kozi, na mtoto wa mwajiriwa anaweza kupewa sehemu ndogo kuliko mlivyotarajia. Fedha ya chakula na malazi, ambayo wanafunzi huiita bumu, ilipandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, nayo hutoka kwa awamu, kwa hiyo wiki za mwanzo anahitaji akiba ya nyumbani. Zaidi ya yote, aelezwe mapema kwamba huo ni mkopo: akiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi itakatwa kila mwezi hadi deni liishe. Nimewahi kukutana na wahitimu walioshangaa makato hayo kama watu walioibiwa, kwa sababu hakuna mtu mzima aliyewaambia.

Karatasi za mkopo ndizo sehemu ambayo nawaruhusu wazazi wawe wakali. Majina katika cheti cha kuzaliwa yafanane na majina ya mtihani wa kidato cha nne, kwa kuwa namba ya mtihani huo ndiyo inayotumika katika kuomba. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe mapema RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, maana foleni ya mwisho huchosha watu. Mdhamini apatikane mtu anayeelewa anachosaini, na saini na mihuri ya serikali ya mtaa na ya hakimu au wakili isiachwe hadi siku mbili za mwisho. Kama kuna mzazi aliyefariki, jambo ambalo kwenu halipo na namshukuru Mungu, cheti cha kifo nacho huhakikiwa. Mfanyakazi mzoefu kama mume wako, anayejua ofisi zinavyokwenda, atamsaidia binti yake hapa kuliko katika mjadala wowote wa kozi.

Lipo jambo moja dogo ambalo limewaumiza watoto wengi kuliko kufeli. Watu wengi hujazia fomu stesheneri, na yule kijana wa stesheneri, kwa nia njema ya kuharakisha, huandika namba yake ya simu na barua pepe yake mwenyewe. Mtoto akichaguliwa na chuo zaidi ya kimoja, hutakiwa kuthibitisha chuo kimoja kwa kutumia namba maalumu ya siri inayotumwa kwa ujumbe wa simu, na muda wa kuthibitisha ni mfupi. Ujumbe ukienda kwenye simu ya mtu mwingine, mtoto anaweza kupoteza nafasi aliyokwisha kuipata. Namba iandikwe ya binti mwenyewe, au yako kama yuko kambini JKT, kwa sababu vijana wengi wa kidato cha sita huwa huko wakati matokeo yanatoka. Na kama yuko kambini, msimjazie kozi kwa niaba yake mkidhani mnamsaidia. Tafuteni namna ya kuongea naye, hata kwa dakika tano, kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma. Nywila zote ziandikwe kwenye daftari moja linalokaa ndani ya nyumba.

Umeuliza utafanyaje bila kumvunjia baba yake heshima. Usimpinge mbele ya kaka zake, na usimtumie mtoto kama mjumbe kati yenu. Subiri wakati mkiwa wawili, umwambie kwamba umesikia hofu yake na kwamba hata wewe unayo. Mwombe jambo moja tu, kwamba amsikilize binti kwa nusu saa bila kujibu, na binti aje na karatasi yake: kozi tatu anazoziomba kwa mpangilio, sababu ya kila moja, masharti yake kama yalivyo katika mwongozo, na gharama za mwaka wa kwanza alizozitafuta mwenyewe. Baba akishasikia, ndipo aulize maswali, na maswali yake yatakuwa na maana kwa sababu sasa yana kitu cha kushika. Kama bado atasema hapana, tafuteni mtu mzima anayemheshimu, awe mwalimu wa binti au mzee wa ukoo mwenye busara, aketi nanyi. Baba zake wakubwa waelezwe baadaye na mume wako mwenyewe, kwa kauli yake, ili uamuzi utoke katika nyumba yenu na usionekane kuwa umetoka kwa mkewe au kwa mtoto.

Na kama mambo yakienda vizuri, nina ombi ambalo unaweza kumfikishia kwa niaba yangu. Siku ya kuripoti chuoni ikifika, awe yeye baba ndiye atakayepanda basi na binti hadi Morogoro, aone bweni, aone njia ya kwenda darasani, azungumze na mlezi wa wanafunzi, na alale usiku mmoja mjini kabla ya kurudi. Nauli hiyo iingizeni katika ile karatasi ya hesabu tangu sasa.